Kamera iliyotoweka baada ya sasisho: uchambuzi wa kisa kimoja

Malalamiko yalikuwa mafupi: kamera ya kompyuta mpakato haionekani tena tangu Windows ijisasishe. Mwenye kompyuta ni mwalimu wa lugha anayefundisha kwa njia ya mtandao. Wanafunzi wake hujifunza matamshi kwa kutazama midomo yake, kwa hiyo kamera ikizimika somo zima linayumba. Alipoileta mashine alikuwa ameshahangaika vya kutosha. Alikuwa ameliondoa lile sasisho, amepakua kifurushi cha draiva kutoka tovuti ya watengenezaji na kukisakinisha, amewasha na kuzima mara nyingi. Mtu wa mwisho kumsaidia alimshauri afute diski nzima na kuanza upya na Windows safi.

"Fundi, nikifuta kila kitu halafu isirudi, nitafanyaje?"

Nilimwambia asifute chochote. Kisa chake kinafaa kuandikwa kwa kirefu kwa sababu njia aliyopitishwa ndiyo wanayopitishwa watu wengi: wanashughulikia draiva ya kifaa ambacho kompyuta haikioni. Draiva ni programu inayouelekeza mfumo namna ya kuzungumza na kifaa. Kama kifaa chenyewe hakijaitika, hata draiva bora kuliko zote haina wa kuzungumza naye. Kabla ya kupakua chochote inabidi kujua kwanza kama kamera inafika kwenye kompyuta au haifiki, na swali hilo hujibiwa kwa dakika chache, bila kufuta faili hata moja.

Kosa 0xA00F4244

Programu ya Camera iliyomo ndani ya Windows ilitoa ujumbe wenye namba 0xA00F4244. Wengi huiruka namba hii wakasoma maneno tu, na maneno ya ujumbe huo hayasaidii sana. Namba inasaidia. 4244 ina maana kwamba programu haikupata kamera yoyote. Ingekuwa 0xA00F4243, kamera ingekuwa ipo ila imeshikwa na programu nyingine, kwa mfano programu ya mikutano iliyobaki wazi nyuma. Ingekuwa 0xA00F4271, kamera ingekuwa imepatikana na kufunguliwa lakini kurusha picha kumeshindikana. Matatizo haya matatu hayafanani hata kidogo, ila yote huletwa kwa sentensi moja, "kamera haifanyi kazi", na ndipo tiba zinapochanganywa.

Hata hivyo sikuihukumu mashine kwa namba hiyo pekee. Baadhi ya programu za kinga dhidi ya virusi huzuia kamera kwa programu zote, na Camera ikafikia kudhani hakuna kifaa. Kwa hiyo 4244 inakuelekeza pa kutazama, haikupi jibu.

Ili hatua zilizofuata zieleweke, ni vizuri kujua kamera hii ni kitu gani. Kwenye kompyuta mpakato nyingi, kamera iliyo juu ya skrini ni kifaa cha USB, sawa na flashi au kipanya, ila tundu lake limefichwa ndani. Inafuata kanuni ya pamoja ya vifaa vya video iitwayo UVC, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2003. Kwa kuwa kanuni ni moja, Windows inakuja na draiva yake ya kamera hizi, faili liitwalo usbvideo.sys, na Linux inayo ya kwake, uvcvideo. Kamera inayofuata kanuni hiyo haihitaji draiva ya mtengenezaji ili itoe picha. Kifurushi cha mtengenezaji mara nyingi huongeza vitu vya pembeni, kama kulainisha sura au kutia ukungu nyuma ya mtu. Ndiyo maana, kamera ya UVC inapotoweka kabisa, draiva huwa mbali sana kwenye orodha yangu ya washukiwa.

Lakini sasisho limeshukiwa na kila mtu, na shaka hiyo haikutoka hewani. Mwezi Agosti 2016 Windows 10 ilipata sasisho kubwa, toleo 1607, lililobadilisha njia ambayo picha za kamera hupita kabla ya kufika kwenye programu. Lengo lilikuwa jema: kuruhusu programu zaidi ya moja kutumia kamera moja kwa wakati mmoja. Ila kamera zilizokuwa zikituma picha zilizobanwa kwa MJPEG au H.264 zilikwama, na watu wengi duniani wakajikuta na picha iliyoganda katikati ya mazungumzo. Tukio hilo liliwafunza watu kulaumu sasisho, na tangu hapo ndilo linalotajwa kwanza. Tofauti yake na kisa chetu ni kwamba kamera za 2016 ziliendelea kuonekana kwenye orodha ya vifaa, tatizo likiwa kwenye picha. Ya mwalimu haikuwamo kwenye orodha kabisa.

Yale ya kuondoa haraka

Vipo vitu vichache vya kuangaliwa kabla ya kuchimba, na nilivipitia haraka kwa sababu ni vyepesi na vinaumbua mafundi wengi wanaovidharau.

Cha kwanza ni swichi. Kompyuta nyingi za sasa zina kifuniko au swichi ya kamera, na zipo za aina mbili. Kifuniko cha plastiki kinachoteleza mbele ya lenzi hakigusi umeme: kamera inabaki kwenye orodha, picha inakuwa nyeusi tu. Swichi ya aina ya pili hukata kabisa mawasiliano ya kamera na ubao mama, na hapo kamera hutoweka kwenye orodha kana kwamba imeng'olewa. Swichi hiyo inaweza kuwa ubavuni mwa mashine, au ikawa kitufe cha safu ya juu chenye alama ya kamera iliyopigwa mstari. Mtoto akikigusa, au kitambaa cha kufutia vumbi kikipita juu yake, unaweza kuhangaika wiki nzima. Mashine ya mwalimu haikuwa na swichi wala kitufe hicho.

Cha pili ni mipangilio ya faragha ya Windows, ambapo kamera inaweza kufungwa kwa mashine nzima, kwa programu moja moja, au kwa programu za kawaida za mezani peke yake. Yote yalikuwa wazi. Ikumbukwe pia kwamba mpangilio wa faragha hunyima programu ruhusa tu. Haukifuti kifaa kwenye orodha ya vifaa. Cha tatu ni mipangilio ya UEFI, ile inayofunguka kabla ya Windows kuwaka. Kwenye mashine kadhaa, hasa zilizotengenezwa kwa ajili ya ofisi, kuna mstari wa kuwasha au kuzima kamera ya ndani. Hapa ulikuwapo, na ulikuwa umewashwa. Programu ya kinga nayo haikuwa imezuia chochote.

Tarehe iliyoondoa shaka juu ya sasisho

Hapa ndipo kisa kilipogeuka, na kwa maoni yangu ndipo mafundi wengi wanapopita bila kusimama.

Nilifungua Device Manager, ile orodha ya vifaa vyote ambavyo Windows inavifahamu. Kundi la kamera halikuwapo. Mwalimu alikuwa ameshaona hivyo, na ndiyo sababu hakuweza hata kuiondoa draiva kama alivyoelekezwa: hapakuwa na kitu cha kubofya. Lakini kwenye menyu ya View kuna chaguo la kuonyesha vifaa vilivyofichwa. Nilipolichagua, kundi la kamera likajitokeza, na ndani yake kamera yake ikiwa na rangi iliyofifia. Rangi hiyo ina maana kwamba Windows inaikumbuka kamera hii, iliwahi kuwa nayo, sasa haina. Kwenye sifa zake kulikuwa na kosa namba 45, ambalo tafsiri yake ni hiyohiyo: kifaa hiki kwa sasa hakijaunganishwa na kompyuta.

Ushauri unaosambaa sana ni kuufuta mstari huo uliofifia kisha kuwasha upya. Naomba usifanye hivyo kabla hujausoma. Mstari huo umebeba kumbukumbu ambayo huipati mahali pengine kwa urahisi, na ukiufuta umeifuta nayo. Kwenye sifa za kifaa kuna ukurasa wa maelezo wenye orodha ndefu ya kushuka, na ndani yake, chini kabisa, kuna mistari miwili: tarehe ya mwisho kifaa kuwasili, na tarehe ya mwisho kifaa kuondoka. Windows huandika yenyewe, bila kuombwa.

Kamera ya mwalimu iliwasili mara ya mwisho Jumatatu asubuhi, na ikaondoka Jumatatu hiyohiyo, kabla ya saa moja kupita. Kisha nikafungua historia ya masasisho. Sasisho lilisakinishwa Jumanne usiku.

Yaani kamera ilikuwa imeondoka kabla ya sasisho kugusa mashine. Nilimwonyesha mwalimu tarehe zote mbili na kumuuliza asubuhi ile ilikuwaje. Akafikiri kidogo, akakumbuka kwamba somo la Jumatatu liliishia kwa sauti: wanafunzi walimwambia picha imeganda, naye akaona ni mtandao. Jumanne hakuwa na kipindi. Jumatano akafungua mashine, akakuta ujumbe wa Windows kwamba imejisasisha, akakuta na kamera hakuna, akayaunganisha mawili hayo. Mtu yeyote angeyaunganisha.

Microsoft hutoa masasisho ya usalama Jumanne ya pili ya kila mwezi. Maana yake ni kwamba kitu chochote kikiharibika, kwa sababu yoyote ile, hakitakuwa mbali na sasisho fulani. Ukaribu wa siku hautoshi kuwa ushahidi, na hapa mashine yenyewe ilikuwa imeandika ushahidi wa kinyume chake.

Ilirudi, kisha ikaondoka

Hatua iliyofuata ilikuwa kuikata mashine umeme kabisa. Watu hudhani kuzima kunatosha. Tangu Windows 8, kuzima kwa kawaida huhifadhi sehemu ya mfumo kwenye diski ili kuwaka kuwe haraka, kwa hiyo kiini cha mfumo hakianzi upya. Kuchagua kuwasha upya ndiko kunakokianzisha upya. Tena, hata mashine ikiwa imezimwa, sehemu fulani za ubao mama hubaki na umeme kutoka kwenye betri au chaja. Kifaa cha USB kilichojifunga kinaweza kubaki kimejifunga hivyo hivyo. Tiba yake ni kuzima, kuchomoa chaja, kisha kubonyeza kitufe cha kuwashia na kukishikilia kwa sekunde kama 30 hivi, ndipo uwashe tena.

Nilifanya hivyo, na kamera ikarudi. Taa yake ikawaka, picha ikaonekana, mwalimu akashangilia.

Hapa pana mtego, na nauogopa kuliko hitilafu yenyewe. Tiba inapofanya kazi mara moja, kishawishi cha kufunga kazi ni kikubwa. Lakini kama chanzo kilikuwa umeme uliobaki kwenye saketi, ilipaswa nijue kwa nini kamera iliondoka Jumatatu katikati ya somo, mashine ikiwa inawaka na kutumika. Sikuwa na jibu la hilo. Kwa hiyo nikaacha Device Manager wazi, Camera wazi, nikaanza kuisogeza skrini polepole, mbele na nyuma, kama mtu anavyofanya anapotafuta pembe ya kukaa vizuri.

Skrini ilipokaribia kusimama wima, picha iliganda. Kamera ikafutika kwenye orodha. Nilipoilaza nyuma kidogo, orodha ikajipanga upya, lakini kamera haikurudi kwa jina lake: kwenye kundi la USB kukatokea kifaa kisichojulikana, chenye alama ya onyo na kosa namba 43, na maelezo kwamba ombi la maelezo ya kifaa limeshindwa. Nikailaza zaidi, kamera ikarudi nzima. Wakati wa kuikata umeme nilikuwa nimeifunga mashine na kuifungua tena, na skrini ikasimama kwenye pembe nzuri. Kilichoirudisha kilikuwa pembe.

Maikrofoni muda wote huo haikuyumba. Kwenye mashine hii maikrofoni zimekaa kwenye kibao kilekile kidogo cha kamera na hupitia kebo ileile, ila kwa nyaya zake. Hilo lilinipa dokezo kwamba kebo haijachomoka kwenye kiunganishi chake. Ingechomoka, sauti ingekatika pamoja na picha. Kilichobaki kushukiwa kilikuwa nyaya za kamera pekee.

Kinachotokea waya unapokatika nusu

Nilitaka uthibitisho usiohusiana na Windows hata kidogo, kwa sababu kila ushahidi hadi hapo ulitoka ndani ya mfumo uleule unaolaumiwa. Nikawasha mashine kwa Linux kutoka kwenye flashi, bila kusakinisha chochote kwenye diski. Njia hii naipenda sana. Inakupa mfumo mwingine mzima, wenye draiva zake, juu ya vifaa vilevile. Kama hitilafu inaufuata huo pia, basi haitoki kwenye Windows.

Amri ya lsusb huorodhesha vifaa vyote vya USB. Skrini ikiwa imelazwa, kamera ilikuwamo. Ikisimama wima, haikuwamo. Amri ya dmesg, inayoonyesha kumbukumbu za kiini cha mfumo, ilieleza zaidi: kusoma maelezo ya kifaa kumeshindwa kwa kosa -71, tena na tena, na mwishoni kwamba kifaa cha USB hakikuweza kutambuliwa.

Namba -71 inastahili maelezo. Kifaa cha USB 2.0 kina nyaya nne: umeme, ardhi, na nyaya mbili za data zinazofanya kazi pamoja, D+ na D−. Kifaa kinapopata umeme, hujitangaza kwa kuuvuta waya wa D+ juu kupitia kinzani cha kiloohmu 1.5, na hapo ndipo kompyuta inapojua kuna kitu kwenye tundu. Kompyuta hukianzisha upya, hukubaliana nacho kuhusu kasi, hukipa anwani, na kukiomba maelezo yake: wewe ni nani, umetengenezwa na nani, unafanya nini. Kifaa kinakuwa kimetambuliwa pale kinapojibu maswali hayo, na draiva huitwa baada ya hapo. Kama umeme umekatika kabisa, hakuna tangazo lolote, na orodha inabaki kimya: huo ndio mstari uliofifia wenye kosa 45. Kama tangazo limefika lakini data zinafika zimevurugika, Linux huandika -71, Windows huandika 43. Kama maombi yametumwa na hakuna jibu lililorudi kwa wakati, Linux huandika -110. Mashine hii ilikuwa ikipita kutoka hali moja hadi nyingine kwa kusogezwa skrini tu. Draiva haifanyi hivyo. Waya unaokatika na kugusana ndio unaofanya hivyo.

Niongeze tahadhari hapa. Baadhi ya kompyuta mpakato mpya, hasa nyembamba, hazitumii USB kwa kamera ya ndani. Kamera zao huunganishwa na prosesa kwa njia iitwayo MIPI, na kwenye Linux hazitaonekana kwa lsusb hata zikiwa nzima kabisa. Huko draiva za mtengenezaji zinahitajika kweli, na mantiki niliyotumia hapa haifai. Kabla ya kutangaza kifo cha kamera kwa sababu lsusb haikuitaja, hakikisha kwanza kwamba ni ya USB.

Ndani ya bawaba

Tulikubaliana na mwalimu mashine ifunguliwe. Kabla ya kugusa kitu chochote kinachoelekea skrini, betri inachomolewa kutoka kwenye ubao mama. Si suala la nidhamu tu. Kebo inayopanda kwenye skrini hubeba, pamoja na nyaya za picha na za kamera, umeme wa taa ya nyuma ya skrini, na kuichomoa au kuichomeka ikiwa na umeme kunaweza kuunguza fyuzi au saketi ya taa hiyo. Mtu akaondoka na tatizo kubwa kuliko alilokuja nalo.

Fremu ya plastiki inayozunguka skrini ilitolewa kwa kifungulio cha plastiki, kuanzia chini, taratibu. Kiunganishi cha kamera kilikuwa kimekaa imara, safi, bila kutu. Kiunganishi cha upande wa ubao mama vilevile. Katikati ya viwili hivyo kebo inapita ndani ya bawaba ya kushoto, ikijikunja kila skrini inapofunguliwa na kufungwa. Pale kwenye mkunjo, utepe mweusi unaofunika nyaya ulikuwa umechakaa. Niliufungua nikakuta nyaya mbili za kamera zimechubuka, na mmoja kati ya hizo umebaki na nyuzi chache tu za shaba.

Kwa macho pekee sikuridhika. Niliweka mita ya umeme kwenye hali ya kupima mwendelezo, ambapo hulia waya ukiwa mzima, ncha moja upande huu wa kebo na nyingine upande ule, nikaukunja mkunjo kama bawaba inavyoukunja. Mlio ulikatika na kurudi, ukakatika na kurudi. Kosa la 43, kosa la 45 na namba -71 zote zilitokea kwenye sehemu hiyo fupi.

Je, isingewezekana kuunganisha waya kwa risasi ya kuchomelea na kuendelea? Mafundi hufanya hivyo, na kuna siku inashika. Mimi siipendi kwa kebo ya kamera, kwa sababu mbili. Nyaya za data za USB 2.0 hupitisha hadi megabiti 480 kwa sekunde, na zimesokotwa kwa vipimo maalumu ili ishara isivurugike. Kovu la risasi katikati yake linaweza kuiachia kamera itambulike lakini picha ikawa inakatika. Sababu ya pili ni nzito zaidi: sehemu iliyokatika ndiyo inayokunjwa kila siku. Risasi hufanya waya uwe mgumu, na waya mgumu kwenye mkunjo hukatika pembeni mwa kiungo. Na kwa kuwa jirani yake kuna waya wa umeme wa taa ya skrini, nyuzi zilizochomoza zinaweza kuugusa. Ndiyo maana pia sikumshauri mwalimu aiache kebo hiyo ilivyo na kununua kamera ya nje tu. Kwa mtu mwenye hitilafu kwenye kamera yenyewe, kamera ya nje ni suluhisho zuri kabisa. Kwa mtu mwenye nyaya zilizochubuka karibu na umeme wa skrini, kebo lazima iondoke kwanza.

Kebo mpya iliagizwa kwa namba ya sehemu iliyochapishwa kwenye lebo ya ile ya zamani. Hili nalisisitiza kwa sababu pesa nyingi hupotea hapa. Jina la modeli ya kompyuta halitoshi. Modeli moja inaweza kuwa na skrini ya kugusa na isiyo ya kugusa, skrini ya ubora wa kawaida na ya juu, na kila moja ikawa na kebo yake. Viunganishi vya pini 30 na vya pini 40 havibadilishani. Soma lebo, piga picha njia ambayo kebo inapita kabla ya kuitoa, na uirudishe ya mpya kwenye njia hiyohiyo, ikae legevu kidogo kwenye bawaba. Kebo iliyovutwa ikabana huko itakatika mapema.

Bawaba yenyewe niliikagua pia. Ilikuwa imekaza kuliko inavyopaswa, na hilo huongeza mzigo kwa kila kinachopita ndani yake. Nikailegeza kwa kiasi. Kisha nikamwomba mwalimu afungue skrini kwa kuishika katikati ya ukingo wa juu. Alikuwa na mazoea ya kuivuta kwa kona ya kushoto, upande uleule wa kebo.

Majaribio baada ya hapo hayakuwa ya kuona picha tu. Skrini ilisogezwa pembe zote huku Device Manager ikiwa wazi, na orodha haikutikisika. Mazungumzo marefu ya video yalifanyika mashine ikiwa na joto lake la kawaida la kazi, maana baadhi ya viungo vibovu hujitokeza chuma kinapopanuka. Mwisho nilirudi kwenye ile mistari miwili ya tarehe: tarehe ya kuwasili ilikuwa ya wakati nilipoiwasha baada ya kazi, na hakukuwa na kuondoka kulikoifuata.

Kama mashine yako inaonyesha kitu tofauti, njia nayo inabadilika. Kosa 22 ni kifaa kilichozimwa na mtu, na hurudishwa kwa kubofya kukiwasha. Kosa 28 ni draiva ambayo kweli haipo. Huko ndiko kupakua kunakosaidia. Kosa 43 lisilobadilika hata skrini ikisogezwa linaweza kuwa kamera yenyewe imekufa. Kwa kamera ya nje, anza na tundu: ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, pasipo kigawanya matundu, na usitumie waya wa kurefusha unaofanya jumla ya urefu ipite mita 5, ambazo ndizo mwisho wa waya wa USB 2.0.

Mwalimu alipofungua programu yake ya mikutano kwa mara ya kwanza baada ya matengenezo, bado ilimwambia hakuna kamera, na uso wake ukabadilika. Programu ile ilikuwa imehifadhi chaguo la wakati kamera haikuwapo. Tulifungua mipangilio yake ya video, tukaichagua kamera kwa jina, ikawaka.